Jina Lililozaliwa Mishamo

Desturi ya wanadamu ni kuulizana majina kabla ya kuulizana njaa. Mgeni abishapo hodi, kwanza huulizwa yeye ni nani na watu wake ni akina nani. Maji ya kunywa hufuata baadaye. Hapa Majimoto, katika bonde la Ziwa Rukwa, desturi hiyo ina nguvu sana, maana wengi wetu tu watu wa kuja. Mpimbwe ndiye mwenyeji. Mfipa alishuka kutoka milimani, Msukuma alikuja na ng'ombe zake kutoka kaskazini, na wengine walifuata mpunga au biashara. Kila mmoja amelibeba jina la kabila lake kama msafiri abebavyo cheti cha njia. Jina hilo humsaidia kupata ndugu mahali pa ugeni. Lakini jina hilo hilo laweza kumfunga, na siku nyingine laweza kumtia mkuki mkononi.

Katika insha hii nataka kueleza habari za jina moja lililotungwa katika nchi yetu hii ya Mpanda, ambayo tangu mwaka 2012 ni sehemu ya Mkoa wa Katavi. Lilitungwa na watu walionyang'anywa karibu kila kitu kingine. Likawa jina la chama, kisha likawa jina la jeshi, na baada ya miaka ishirini na minane likafutwa kwa mapatano ya amani. Jina lenyewe ni PALIPEHUTU, ambalo katika Kifaransa ni ufupisho wa maneno yenye maana ya Chama cha Ukombozi wa Watu Wahutu.

Kilichonisukuma kushika kalamu ni swali la darasani. Mimi ni mwalimu, na wanafunzi wangu husikia redioni habari za Palestina: makambi, vyama vyenye bunduki, viongozi waliozaliwa uhamishoni. Siku moja waliniuliza vyama vya namna hiyo huanzaje, na kwa nini watu waliokimbia vita huanzisha vita. Walidhani mambo hayo ni ya mbali, ng'ambo ya jangwa na bahari. Nikawaambia kwamba chama kimoja cha namna hiyo kilizaliwa katika mkoa wao wenyewe, upande wa pili wa msitu wanaoupita waendapo Mpanda. Walinitazama kama mtu asimuliaye hadithi ya sungura na fisi.

Kabla ya kufika Mishamo, yafaa tupite Palestina kwa hatua chache. Mwaka 1948, taifa la Israeli lilipoundwa na vita vikapiganwa, Wapalestina wapatao laki saba walikimbia au walifukuzwa makwao. Wengi waliwekwa katika makambi ya Lebanon, Yordani, Shamu na Gaza. Walipewa mahema, unga na shule, nchi hawakupewa. Mwishoni mwa miaka ya hamsini kikaundwa chama cha Fatah, cha akina Yasser Arafat. Mwaka 1964 ikaundwa Jumuiya ya Ukombozi wa Palestina. Mwaka 1967 George Habash, tabibu ambaye jamaa zake walifukuzwa mji wa Lydda, akaanzisha chama chake cha mrengo wa kushoto. Na mwaka 1987 Hamas ikatokea Gaza, mahali ambapo sehemu kubwa ya wakazi walikuwa wakimbizi au watoto wa wakimbizi. Vyama hivyo vilihitilafiana sana kwa itikadi na kwa matendo, na hata vilipigana vyenyewe kwa vyenyewe. Lakini vyote vilikunywa katika kisima kimoja, nacho ni kambi. Sasa na turudi nyumbani.

Burundi ni jirani yetu. Katika nchi hiyo Wahutu na Watutsi walisema lugha moja, waliabudu Mungu mmoja na kuishi katika vilima vile vile. Tarehe 29 Aprili 1972 maasi ya Wahutu yalizuka kusini, katika sehemu za Rumonge na Nyanza-Lac, na Watutsi kwa mamia wakauawa. Serikali ya Michel Micombero, iliyokuwa mikononi mwa maofisa wa Kitutsi, haikutosheka kuwaadhibu waasi. Jeshi na vijana wa chama tawala waliwasaka Wahutu waliosoma, nchi nzima: walimu, wanafunzi, makarani, wachungaji, wafanya biashara. Waliitwa majina kutoka katika orodha, wakapakiwa katika malori, na hawakurudi. Makisio mengi ya waliouawa katika miezi michache hayapungui laki moja, na wengine husema ni laki mbili au tatu. Warundi huliita jambo hilo Ikiza, maana yake balaa kuu.

Waliosalimika walivuka Ziwa Tanganyika na mto Malagarasi wakaingia kwetu. Serikali ya Tanzania iliwapokea, nayo haikuwaacha mpakani. Iliwapeleka ndani ya nchi, katika misitu ya miyombo iliyokuwa na mbung'o wengi na watu wachache. Ulyankulu mkoani Tabora na Katumba karibu na mji wa Mpanda zilifunguliwa mwaka 1972 na 1973. Ulyankulu ilipojaa watu kupita kiasi cha maji yake na ardhi yake, maelfu walihamishwa tena kwa malori, na mwaka 1978 ikafunguliwa Mishamo, kaskazini magharibi mwa Mpanda. Huko walikata miti, wakajenga vijiji kumi na sita, wakalima mahindi, maharagwe na mihogo hata wakawa na chakula cha kuuza. Katikati ya miaka ya themanini watu wapatao 35,000 walikuwa wakiishi Mishamo.

Wahenga wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tanzania ilitimiza neno hilo kwa ukarimu ambao mataifa machache yameufikia. Wakimbizi walipewa jembe na ardhi, zahanati na shule za msingi. Lakini twapaswa kutazama pia upande wa pili wa ukarimu huo. Mkimbizi wa Mishamo hakuweza kutoka nje ya eneo lake bila kibali. Alikuwa na kamanda wa makazi juu yake, naye hakuwa na sauti katika uchaguzi wa nchi aliyoilisha. Aliishi na wenziwe tu, waliotoka nchi moja, wenye msiba mmoja. Mchana alishika jembe, na usiku alishika kumbukumbu, maana hakuwa na kitu kingine cha kushika.

Katika hali hiyo, mwaka 1980, PALIPEHUTU ilianzishwa Mishamo, na kiongozi wake alikuwa Rémi Gahutu. Fikira yake ilikuwa rahisi kusema, na kwa sababu hiyo ilikuwa na nguvu. Alifundisha kwamba Wahutu ni watu wanaokaliwa na wageni katika nchi yao wenyewe, na kwamba ukombozi wa Afrika haukukamilika maadamu wao hawajakombolewa. Mtu aliyeona baba yake akichukuliwa na lori asirudi hakuhitaji hoja ndefu ili ayaamini maneno hayo.

Mtaalamu mmoja wa elimu ya jamii na desturi zake, Liisa Malkki, alikaa Mishamo mwaka 1985 na 1986 akisikiliza masimulizi ya wakimbizi, na mwaka 1995 akatoa kitabu, Purity and Exile. Aligundua kwamba watu wa makazi walikuwa wamejenga tarikhi kamili ya taifa lao: nani alikuja kwanza katika nchi ya Burundi, nani aliwahadaa, nani aliua, na namna gani siku moja watarudi. Kila mzee aliisimulia kwa mpango ule ule, kama mahubiri. Kisha mtaalamu huyo akaenda Kigoma mjini, kwa wakimbizi wa mwaka ule ule wa 1972 ambao hawakuwekwa makambini. Huko alikuta habari nyingine. Wa mjini walifanya biashara, walioa na kuolewa na wenyeji, walijiita Waha au Waislamu au watu wa Kigoma, kila mmoja kwa kadiri ya haja yake. Msiba wao ulikuwa ule ule, lakini haukugeuka kuwa taifa. Kwangu mimi jambo hilo ni zito kuliko yote nitakayoyaeleza. Ikiwa watu wa kabila moja, waliokimbia panga moja, waligawanyika hivyo kwa kuishi mahali mbalimbali, basi damu peke yake haikutosha kukizaa chama. Kambi nayo ilikuwa mkunga.

Msomaji aweza kuuliza kwa nini Tanzania haikukikubali chama hicho. Kwa hakika nchi yetu ilikuwa nyumba ya wapigania uhuru. Tangu mwaka 1963 Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa Dar es Salaam. FRELIMO ilianzishwa huko mwaka 1962, na wapiganaji wa Afrika Kusini walipewa makambi. Wapalestina nao waliungwa mkono, na mwaka 1973 serikali ilivunja uhusiano wa kibalozi na Israeli. Lakini ukombozi uliokubaliwa na umoja huo ulikuwa wa kumwondoa mkoloni na utawala wa walowezi. Dhidi ya serikali ya Kiafrika iliyo mwanachama, sheria ilikuwa nyingine: mapatano ya wakimbizi yaliyotiwa sahihi Addis Ababa mwaka 1969 yanamkataza mkimbizi kufanya vitendo vya kuichafua nchi yoyote mwanachama. Kwa hiyo PALIPEHUTU ilikua kwa siri. Ilijiundia tawi la silaha, ambalo kwa ufupisho liliitwa FNL, na Gahutu mwenyewe alifariki mwaka 1990 katika gereza la Tanzania. Alilia ukombozi katika nchi iliyopenda neno hilo kuliko nchi zote, naye akafia ndani ya kuta zake. Siwezi kusema kwamba serikali ilikosea katika sheria. Nasema tu kwamba mizani ile ilikuwa na machozi pande zote mbili.

Baada ya hapo habari ni za vita. Agosti 1988 mauaji yalizuka Ntega na Marangara, kaskazini mwa Burundi. Watutsi waliuawa, kisha jeshi likaua Wahutu kwa maelfu. Novemba 1991 wapiganaji wa PALIPEHUTU walishambulia Bujumbura na sehemu za Cibitoke na Bubanza, na jeshi likalipiza kisasi kwa raia. Juni 1993 Melchior Ndadaye, Mhutu wa kwanza kuchaguliwa kuwa rais, alishinda kwa kura. Oktoba mwaka ule ule wanajeshi wakamwua. Watutsi wengi, wanawake kwa watoto, wakauawa vijijini kwa ajili ya tendo wasilolitenda, jeshi nalo likawaua Wahutu, na nchi ikaungua zaidi ya miaka kumi. Chama chenyewe kiligawanyika. Tawi la Etienne Karatasi lilikwenda Arusha, kwenye mazungumzo yaliyosimamiwa na Mwalimu Nyerere na, baada ya kifo chake mwaka 1999, na Nelson Mandela. Likatia sahihi mkataba wa Agosti 2000. Tawi la Cossan Kabura, ambalo mwaka 2001 liliangukia mikononi mwa Agathon Rwasa, lilikataa, likaendelea kupigana katika vilima vya Bujumbura, wapiganaji wake wakisali na kuimba nyimbo za dini kabla ya kushambulia.

Tarehe 13 Agosti 2004, usiku, watu wenye silaha waliingia katika kambi ya Gatumba, karibu na mpaka wa Kongo. Waliokuwa wamelala humo walikuwa wakimbizi, wengi wao Banyamulenge kutoka Kongo, ambao huhesabiwa kuwa jamaa za Watutsi. Zaidi ya watu mia moja na hamsini waliuawa kwa risasi na kwa moto, wakiwamo watoto wengi. FNL ilijitangaza kwamba ndiyo iliyofanya. Hapo duara lilitimia. Chama kilichozaliwa na watu waliolala chini ya turubai, kwa sababu tu ya jina la kabila lao, kiliwateketeza watu waliolala chini ya turubai, kwa sababu ya jina la kabila lao. Hakuna adui aliyeweza kukihukumu chama hicho kwa ukali kuliko tendo hilo lenyewe.

Yuko mzee mmoja jirani yangu hapa Majimoto, mkulima wa mpunga, ambaye kwa muda mrefu kila aulizwapo kabila alijibu kwamba yeye ni Mha. Wengi walijua, wala hakuna aliyemsumbua. Baada ya kuzoeana nami alinieleza kwamba ujana wake aliumalizia Mishamo. Nilimwuliza, "Babu, mlizungumza nini huko jioni?" Akajibu, "Mwalimu, tulizungumza nchi tu. Mchana jembe, jioni nchi. Mtoto alijua kilima cha babu yake kabla ya kujua njia ya kisimani." Nikamwuliza kama habari za Gatumba zilimfikia. Alikaa kimya, akatengeneza mpini wa jembe lake, kisha akasema, "Nilisikia redioni. Wale walikuwa sisi." Hakuongeza neno, nami sikumwuliza zaidi.

Maneno hayo, "wale walikuwa sisi," ndiyo yaliyokosekana katika mafundisho ya chama. Msiba una haki ya kukumbukwa. Watu waliouawa kwa orodha wana haki ya kutajwa mmoja mmoja, na anayewaambia jamaa zao wasahau huwaua mara ya pili. Walakini kumbukumbu iliyofungiwa katika nyumba moja hugeuka. Isipopata mtu wa kubishana nayo, wala jirani wa kuionyesha msiba mwingine, huanza kusema kwamba mateso yapo kwetu tu, na ubaya upo kwao tu. Kutoka hapo mpaka Gatumba njia si ndefu.

Mwisho wa jina hilo ulikuwa wa ajabu, maana lilishindwa na kalamu baada ya kushindikana kwa bunduki. Septemba 2006 Rwasa na serikali ya Burundi walitia sahihi mapatano ya kusimamisha vita, Dar es Salaam. Likabaki jambo moja gumu. Katiba ya Burundi ya mwaka 2005 inakataza chama cha siasa kujijenga juu ya kabila, na jina PALIPEHUTU lilikuwa na kabila ndani yake. Mazungumzo yalisota juu ya herufi hizo chache. Watu wasiojua wangeweza kucheka. Aliyejua habari za Mishamo hangecheka, maana wapiganaji waliombwa kuweka chini kitu kizito kuliko bunduki. Desemba 2008 walikubali. Aprili 2009 FNL, bila neno Hutu katika jina lake, iliandikishwa kuwa chama cha siasa, na silaha zikakabidhiwa. Baadaye Rwasa alikuwa naibu spika, akagombea urais mwaka 2020 chini ya chama kingine, akashindwa na Évariste Ndayishimiye. Siasa za Burundi hazikuwa safi baada ya hapo, na damu ilimwagika tena. Lakini vita vya jina lile vilikwisha.

Huku kwetu, jina jingine lilikuwa likitolewa wakati ule ule. Tangu mwaka 2007 wakimbizi wa 1972 walioishi Katumba, Mishamo na Ulyankulu waliulizwa kama wataka kurudi Burundi au kuwa raia wa Tanzania. Zaidi ya 50,000 walirudi. Wengi zaidi walichagua kubaki, na wapatao 162,000 walikubaliwa kuwa raia. Kwanza iliamriwa kwamba lazima wahame na kutawanywa katika mikoa mingine. Baadaye amri hiyo ikaachwa, na mwaka 2014 wakaanza kupewa vyeti vyao. Jirani yangu anacho cheti hicho, amekihifadhi katika mfuko wa nailoni ndani ya sanduku. Siku hizi akiulizwa kabila husema, "Mimi ni Mrundi, Mtanzania." Nimeona kwamba hakuweza kulisema jina la kwanza mpaka alipopata la pili.

Wako watakaosema, "Mwalimu, habari hizi ni za Warundi, zatuhusu nini sisi?" Zatuhusu mara mbili. Kwanza, mwaka 2015 watu wa Burundi walikimbia tena kwa maelfu, wakawekwa katika makambi ya Nyarugusu, Nduta na Mtendeli mkoani Kigoma. Mtoto aliyezaliwa nyuma ya uzio, asiyeruhusiwa kulima wala kuuza nje yake, hufundishwa na uzio huo kabla ya kufundishwa na mwalimu. Ukarimu wa kumlisha mtu na kumnyima mchanganyiko na watu wengine ni ukarimu nusu, na nusu iliyobaki hulipiwa na wajukuu.

Pili, katika mikutano ya vijiji vyetu vya bonde hili nasikia maneno mawili yakirushwa: wenyeji na wageni. Husikika malisho yanapogombaniwa na mashamba, au mvua inapochelewa. Mpimbwe hulalamika kwamba nchi ya baba zake imemezwa na ng'ombe. Msukuma hulalamika kwamba amelima hapa miaka thelathini na bado aitwa mtu wa kuja. Kila mmoja ana ukweli wake, na ukweli huo wastahili kusikilizwa na baraza, kwa jina la shamba lililoharibiwa na la mtu aliyeliharibu. Ubaya huanza pale shamba moja linapoitwa nchi, na mwizi mmoja anapoitwa kabila. Sisi hatuna historia ya mauaji kama yale, na twajisifu kwa amani yetu. Burundi nayo ilikuwa na lugha moja na vilima vile vile.

Basi nawaambia wanafunzi wangu hivi: ulizaneni majina, maana ni desturi njema na ndiyo mwanzo wa udugu. Lakini mkisha kuulizana, msiishie hapo. Mwulize mwenzio amelima nini, amezika nani, na watoto wake wasoma wapi. Mtu mwenye majibu ya maswali hayo yote ni vigumu kumwua kwa sababu ya jibu moja.